Huyo Kifaranga wa Silkie, Nani Kakwambia ni Jike?

Siku hizi ukipita kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanachuo, katikati ya matangazo ya geto linalopangishwa, jiko la gesi "limetumika kidogo" na vitenge vya kukopesha, utakutana na picha za vifaranga wanaofanana na vipande vya pamba. Hao ni Silkie, kuku wa mapambo. Chini ya picha pameandikwa: "Wiki tatu. Majike tu. Wamebaki wachache, wahi." Na watu wanawahi kweli.

Hoja yangu ni fupi. Muuzaji anayekupa kifaranga wa Silkie wa wiki tatu na kukuhakikishia kwamba ni jike, hajui. Anakisia. Ukimwongezea hela kwa sababu ya hilo neno "jike", umelipia makisio, yaani umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Sisemi kwamba wauzaji hawa ni matapeli. Wengi wao, ninaowafahamu, wanaamini kabisa wanachokisema. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu mimi nasoma ualimu, na mtu anayeamini kwamba anajua wakati hajui ni mtu ambaye fani yetu inapaswa kumjua vizuri kuliko fani nyingine yoyote.

Kwa ambao hawajawahi kumshika Silkie, maelezo mafupi. Asili ya kuku huyu ni China. Simulizi za safari za Marco Polo za karne ya 13 zinataja kuku weusi wa huko wenye manyoya kama ya paka. Unyoya wa kuku wa kawaida una vijindoano vidogo sana vinavyoshikana na kuufanya uwe bapa kama jani. Unyoya wa Silkie hauna vijindoano hivyo, ndiyo maana unakaa kama hariri na ndege mwenyewe haruki. Ngozi yake ni nyeusi, mifupa yake myeusi, na ana vidole vitano wakati kuku wengi wana vinne. Jike wake hatagi sana, ila kwa kuatamia hana mpinzani. Mwekee mayai ya bata au ya kanga, atayalalia kama ya kwake.

Kwa hiyo jike ana kazi mbili: kutaga kidogo na kuangua sana. Jogoo naye ana kazi moja, na jogoo mmoja anatosheleza majike wanane hadi kumi. Ndiyo maana bei ya jike iko juu, na ndiyo maana kila mwenye vifaranga anatamani kuandika "majike tu".

Sasa tuongee hela. Mwanachuo anayenunua Silkie hanunui pambo tu. Anapiga hesabu: majike sita, mayai ya mbegu kila mwezi, vifaranga wa kuuza muhula ujao. Mwenzangu mmoja alitumia sehemu ya boom lake kwa hesabu hiyo hiyo. Alinunua sita "majike", akawafuga uani kwenye nyumba aliyopanga, akawanunulia chakula na chanjo. Mwezi wa tano wanne wakaanza kuwika. Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Hawa waliwika, tena saa kumi alfajiri, chini ya dirisha la mwenye nyumba. Aliwauza kwa bei ya kitoweo ndani ya wiki moja, na hela aliyoitegemea kwa ajili ya nauli ya kwenda mazoezi ya kufundisha ikawa imeishia hapo. Muuzaji alipoulizwa alijibu, "Pole, ni bahati mbaya." Haikuwa bahati mbaya. Tutafika huko kwenye hesabu.

Wengi wanadanganyika kwa sababu wamesikia, na ni kweli, kwamba kwa kuku wengine jinsia inajulikana siku ile ile ya kuanguliwa. Ukienda kuchukua vifaranga wa kuku wa mayai wa kisasa, wale wa rangi ya kahawia, unapewa majike watupu na huwa ni majike kweli. Wanajuaje? Kwa rangi. Kwenye ndege, dume ana kromosomu ZZ na jike ana ZW. Kwa binadamu baba ndiye anayeamua jinsia ya mtoto. Kwa kuku ni mama. Kifaranga jike anapata Z moja tu, na anaipata kwa baba. Wazalishaji huchukua jogoo mwenye chembe za urithi za rangi ya dhahabu na kumpandisha kwa tetea mwenye za rangi ya fedha, na chembe hizo ziko kwenye Z. Majike wote wanatoka na wekundu au kahawia wa baba yao, madume wote wanatoka weupe au njano hafifu. Hata mtoto wa chekechea anaweza kuwatenganisha. Lakini angalia: hiyo ni hila iliyopangwa kuanzia kwa wazazi. Silkie wako hakutoka kwenye mpango huo.

Ipo pia habari ya bawa. "Mvute bawa, manyoya yakipishana marefu na mafupi ni jike, yakilingana ni dume." Hii nayo haikutoka hewani. Kuna chembe ya urithi, pia iko kwenye Z, inayochelewesha manyoya kuota. Ukipandisha jogoo wa manyoya ya haraka na tetea wa manyoya ya kuchelewa, vifaranga majike watawahi na madume watachelewa, na tofauti hiyo inaonekana siku mbili tatu za mwanzo tu. Nje ya mpandisho huo, na nje ya siku hizo, bawa halikwambii kitu. Kumvuta bawa kifaranga wa Silkie wa wiki tatu ni kama kumpima mtu homa kwa kuangalia viatu vyake.

Njia ya tatu ni ya Wajapani. Miaka ya 1920 watafiti wa huko, akina Kiyoshi Masui na Juro Hashimoto, walionyesha kwamba ukifungua taratibu tundu la haja la kifaranga wa siku moja, ndani kuna kiuvimbe kidogo sana ambacho umbo lake hutofautiana kati ya dume na jike. Mwaka 1933 kitabu chao kilitoka kwa Kiingereza, na wataalamu waliofunzwa Japani wakasambaa duniani kutenganisha vifaranga kwenye mashamba makubwa. Mtaalamu wa kweli anapitia mamia kwa saa moja na anakosea mara chache sana. Ila kazi hiyo inajifunzwa kwa muda mrefu, inafanywa mapema baada ya kuanguliwa, na mtu asiyefunzwa akimbana kifaranga anaweza kumpasua kiini kilichobaki tumboni. Sijaona tangazo hata moja la kwetu linalosema vifaranga walipimwa hivyo. Wanasema tu "majike".

Basi kinabaki nini? Zinabaki hadithi. Yai lenye ncha ni jogoo, yai la mviringo ni tembe. Ning'iniza pete kwa uzi juu ya yai uone inavyozunguka. Mshike kifaranga shingoni, akikunja miguu ni jike. Hii ya yai ni ya kale mno: Aristotle aliandika kwamba mayai marefu yenye ncha hutoa majike na ya mviringo hutoa madume, Pliny, Mrumi aliyekuja karne kadhaa baadaye, akaandika kinyume chake. Wakubwa wawili wa elimu ya kale, kila mmoja ana uhakika, na hawawezi wote kuwa sahihi. Ukweli ni kwamba jinsia ya kuku imeshaamuliwa kabla ganda halijafungwa. Hata joto la mashine ya kutotoleshea haliibadilishi. Anayekwambia apunguze joto apate majike anamchanganya kuku na kasa wa baharini, ambaye kweli jinsia yake hutegemea joto la mchanga.

Silkie wana ishara zao za kweli, lakini zinachelewa. Mpaka wiki ya sita huna chochote cha kukiapia. Kuanzia wiki ya nane mpaka ya kumi na mbili tazama upanga, ile nyama ya kichwani. Kwa Silkie haujachongoka kama wa jogoo wa kienyeji. Unafanana na koko ya tunda iliyokunjamana, na rangi yake inakaribia zambarau. Ukiona unapanuka na kunenepa mapema, kuna dalili ya kipora. Wa jike hubaki mdogo, umelala, umefichwa na manyoya. Halafu tazama shungi. La jike hukua mviringo kama mpira wa sufi. La kipora hutoa manyoya marefu yanayolala kuelekea kisogoni, kama nywele zilizopigwa na upepo. Nyama za chini ya mdomo nazo hurefuka kwa dume, ingawa kwa wale Silkie wenye ndevu zinajificha na kukuacha gizani. Mwezi wa nne mpaka wa sita manyoya ya shingoni na ya kiunoni ya dume huanza kuchongoka, na kusimama kwake kunabadilika, kifua mbele. Wengine huwika mwezi wa nne, wengine wanangoja mpaka wa nane. Jike naye mara nyingi anataga mwezi wa saba au zaidi.

Kila ishara hapo, ukitoa yai, inaweza kukudanganya kwa kuku mmoja mmoja. Kuna tetea wanaowika. Kuna vipora wapole wenye shungi la mviringo. Ukitaka uhakika mapema kuna kipimo cha vinasaba cha maabara kwa damu au unyoya, na gharama yake kwa kifaranga mmoja wa mwanachuo ni hadithi nyingine.

Hapo muuzaji atanijibu: "Dogo, mimi nimefuga Silkie miaka mitano, nina jicho." Jibu hili lina heshima yake na ninalichukua kwa uzito. Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba mtu anajifunza kwa kutenda. Ila tunafundishwa na sehemu ya pili ambayo watu huisahau: anajifunza kwa kutenda na kupata mrejesho. Mwanafunzi anayefanya maswali mia ya hesabu bila kusahihishwa hajapata uzoefu wa hesabu. Amepata uzoefu wa kuandika.

Mwanafunzi wa zile shule za Wajapani alikuwa na mwalimu pembeni. Anatazama, anasema "dume", mwalimu anamwambia hapo hapo ndiyo au hapana. Mara elfu, mara elfu kumi. Mwaka 1987 watafiti wawili, Biederman na Shiffrar, waliwapa watu wasio na uzoefu wowote maelekezo ya ukurasa mmoja tu ya nini cha kutazama kwenye picha za vifaranga, na usahihi wao ukapanda sana. Kwa hiyo jicho linafundishika, tena wakati mwingine haraka, mradi kuna kitu halisi cha kutazama na kuna anayejua jibu.

Muuzaji wetu hana hata kimoja kati ya hivyo. Anamtazama kifaranga wiki ya tatu, anasema "jike", anampakia kwenye boksi, na kifaranga anaondoka. Jibu linatokea miezi mitano baadaye kwenye ua wa mtu mwingine, mtaa mwingine. Muuzaji halioni. Anaanza kifaranga mwingine akiwa na jicho lile lile la jana. Miaka mitano ya namna hiyo ni mwaka mmoja uliorudiwa mara tano, na katika mwaka wenyewe hakuna aliyemsahihisha.

Utasema, mbona wapo wanaomsifu? Ndiyo, lazima wawepo. Vifaranga kwa kawaida ni nusu kwa nusu. Hata ukiita kila kifaranga "jike" bila kufumbua macho, utapatia nusu ya mara zote. Aliyenunua mmoja akapata jike atakuja kwenye grupu kuandika "mzigo safi, namwamini sana". Aliyepata jogoo ataambiwa bahati mbaya, ataona aibu, atanyamaza. Grupu zima linasoma sifa tu.

Nilisema tutafika kwenye hesabu. Ukinunua sita kwa kubahatisha, uwezekano wa wote sita kuwa majike ni moja kwa 64. Tumpe muuzaji wetu jicho zuri kuliko anavyostahili, tuseme anapatia asilimia 80 ya vifaranga. Bado uwezekano wa wote sita kuwa majike ni kama asilimia 26. Yaani katika wateja wanne wa namna hiyo, watatu hivi watapata angalau kipora mmoja. Sasa hiyo "majike tu" inatoka wapi?

Kwa haki, wapo wafugaji wazuri. Wanawajua wazazi, wamefuata ukoo mmoja vizazi kadhaa, wanaweka alama za rangi miguuni na wanaandika kwenye daftari. Hao makisio yao ya wiki ya kumi yana thamani. Na utawatambua kwa kauli yao: ukimuuliza huyu ni jinsia gani, atakwambia, "Nahisi ni jike, ila usinunue kwa sababu hiyo." Anayejua zaidi ndiye anayeahidi kidogo.

Naomba nitoke bandani dakika moja niingie darasani, maana huko ndiko wengi wetu tunakokwenda. Mwaka 1968 Rosenthal na Jacobson walichapisha utafiti uliofanyika shule moja ya Marekani. Walimu waliambiwa kwamba watoto fulani wanatazamiwa kuchanua kimasomo mwaka huo. Watoto hao walikuwa wamechaguliwa ovyo ovyo tu, kama karata. Mwisho wa mwaka, hasa madarasa ya chini, baadhi yao walionekana kupanda zaidi ya wenzao. Utafiti huo umebishaniwa sana tangu hapo, lakini kila anayesoma ualimu anaujua, na swali lake halijafa.

Kifaranga ana bahati moja ambayo mtoto hana. Ukimwita jike wakati ni jogoo, hasikii. Atakua, atawika, na uongo utakufa wenyewe. Mtoto wa darasa la kwanza ukimwita "mzito" mbele ya wenzake anasikia, mwalimu wa darasa la pili anasikia, mama yake anasikia. Hakuna alfajiri ambayo atawika na kuwaumbua. Ndiyo maana naona jambo hili dogo la kuku kama zoezi zuri kwetu. Mtu ambaye hawezi kuvumilia miezi mitano bila kumpa kifaranga jina, tutamkabidhije watoto arobaini na tano?

Narudi bandani na mapendekezo, maana kulalamika tu hakujengi banda.

Kwa maadmini wa magrupu ya biashara ya wanachuo: wekeni kanuni moja. Kifaranga wa Silkie aliye chini ya miezi mitatu anatangazwa kama "mchanganyiko" na anauzwa kwa bei moja. Anayetaka kuandika "jike" aandike pia atafanya nini akiwa jogoo: atambadilisha, au atarudisha tofauti ya bei. Asiyetaka kuandika hivyo ameshatujibu.

Kwa wauzaji: tafuteni mrejesho. Mpigie mteja simu mwezi wa sita, muulize walitoka wangapi, andika. Baada ya mwaka utakuwa na kitu ambacho wenzako hawana, yaani namba ya kweli ya jicho lako. Kama ni nzuri, itangaze na upandishe bei, nitakuwa wa kwanza kukutetea.

Kwa wanunuzi: kama una haraka ya jike, nunua aliyekwishaanza kutaga, hata kama ni ghali. Kama una hela ya kifaranga tu, nunua ukijua nusu yao ni majogoo, na panga mapema utawafanyia nini. Nyama ya Silkie huko China inapikwa supu ya heshima, na supu haiulizi jinsia. Tatizo la jogoo wa ziada lipo duniani kote. Ujerumani tangu tarehe 1 Januari 2022 imepiga marufuku kuua vifaranga madume wa kuku wa mayai kwa sababu tu ni madume. Sisi tusisubiri sheria ili tuamue kwamba kipora tuliyemleta wenyewe hatutamtupa jalalani.

Na safari ijayo muuzaji akikwambia huyu ni jike hakika, usibishane naye. Mwambie vizuri tu: "Sawa kaka, leo chukua bei ya kifaranga. Ile nyongeza ya jike njoo uichukue siku akitaga."